Bendera ya Mashua ya Nieves

Jeneza lilibebwa na askari wanne, na mmoja tu angelitosha. Nieves Laruta aliliona hilo kabla hawajafika mlangoni: hapakuwa na bega lililoinama.

"Fungueni," alisema.

"Mama Edson, hili limeshafungwa huko kambini," luteni alisema.

"Aliyezaa ni mimi, si kambi. Fungua."

Ndani mlikuwa na kofia ya mwanawe, viatu vyake vya gwaride, na mto wa kuzuia viatu visigongegonge. Edson mwenyewe alikuwa bado ziwani, Titicaca. Upepo wa Februari ulipindua mashua yao ya doria. Wenzake wawili waliopolewa, yeye hakuonekana.

Luteni alishika bendera ya jeshi la majini, ya buluu, imekunjwa ili ile nyota kubwa, ya pwani ambayo nchi yao ilinyang'anywa vitani zamani, ikae juu. Alimnyooshea Saturnino, mume wa Nieves. Saturnino naye alilitumikia jeshi hilo ujanani, na kila Machi huandamana na wenzake kuidai bahari. Mikono yake ikainuka yenyewe.

"Ngoja, Baba Edson. Luteni, tukiipokea hii, kesho mashua zitatoka kumtafuta?"

"Mama, bendera hii hupewa familia ya aliye..."

"Nimeuliza mashua."

"Hapana, mama. Msako umefungwa."

"Bahari ilichukuliwa kabla bibi yangu hajazaliwa. Hata kuiona hamjaiona, na kila mwaka mnaidai kwa matarumbeta. Mwanangu ana mwezi mmoja tu majini, mmeshachoka."

"Huyu ndiye wangempeleka vitani enzi zile," jirani mmoja alinong'ona huku akitafuna majani ya koka. "Pwani tungekuwa nayo."

"Mama Edson," Saturnino alisema, "baridi ya chini kule haimwachilii mtu aibuke. Umezaliwa hapa, unajua. Niachie mahali pa kumwekea mwanangu msalaba."

"Zika viatu ukitaka. Bendera nipe mimi."

Aliichukua, akateremka ufukweni, akaifunga kwenye mlingoti wa mashua yao ya kuvulia. Luteni alimfuata akihema.

"Mama, hairuhusiwi kupandishwa kwenye mashua ya raia."

"Basi ishushe."

Luteni aliitazama, akamtazama mama, akarudi alikotoka.

Jioni Saturnino alilizika jeneza na kofia na viatu vyake. Kuanzia kesho yake walitoka kila asubuhi. Saturnino alipiga makasia, Nieves akachokoa matete kwa mti mrefu. Mwanzoni wavuvi walifuatana nao. Baadaye walipiga saluti kwa mzaha: "Jeshi limetoka, jamani, tupisheni!" Mwishowe hata mzaha uliwaisha. Viazi viliozea shambani. Saturnino akaanza kukohoa kikohozi kisichopoa kwa dawa wala kwa maombi. Buluu ya bendera ilipauka, na upepo ukararua ile nyota kubwa.

Novemba ikafika, na ile siku ambayo marehemu hurudi kula nyumbani kwao. Kijiji kizima kilinukia mkate. Nieves alikuwa ameshakamata kamba ya mashua.

"Leo siendi," Saturnino alisema kutoka mlangoni.

"Nitakwenda peke yangu."

"Nenda. Lakini nijibu kwanza. Leo kila mtu anawaandalia wake. Kama mwanetu yumo njiani na njaa, atabisha kwa nani?"

Nieves alisimama, maji yakimfika vifundoni. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha alipanda mashuani, akafungua bendera, akaifua palepale ziwani na kuikamua kwa nguvu, kama alivyozoea kukamua nguo za shule za Edson.

Aliitandaza mezani ikiwa bado mbichi. Juu yake aliweka bakuli la supu, viazi vikavu, na mkate aliomwomba jirani, wenye sura ya mtoto, kama wanavyookewa marehemu siku hiyo. Palipochanika aliweka kofia.

"Ile ya kambini iko kaburini," Saturnino alisema.

"Hii ni ya shuleni."

Saturnino alitoka, akaivuta mashua nchi kavu, akaipindua.