Mikia ya Herufi

Mkia wa herufi y ulikuwa umegeuka. Asubuhi, msichana alipokuwa akifagia mlangoni mwa duka la kuchapa kadi, mkia huo kwenye kadi ya harusi iliyobandikwa ukutani ulielekea mlangoni. Mchana alipohamia kwenye mashine ya kukatia karatasi, ukaelekea huko. Aliipangusa kadi vumbi, akaendelea na kazi.

Herufi zile alizichora yeye. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipofariki, mjomba akamchukua akunje kadi dukani kwake. Wenzake wakienda kula, yeye alichora kwa brashi kwenye vipande vya karatasi vilivyobaki: herufi nyembamba shingoni, nene tumboni, mkia ukijizungusha kama mvuke wa chai. Mjomba alivikusanya vipande, akaviingiza kwenye kompyuta, akavigeuza mwandiko wa kuchapia kadi. Mwandiko ukatoka na jina la binti yake. Sasa kila mwenye harusi aliutaka huo.

"Mkono wa nani huu, jamani?" wateja waliuliza.

"Wa binti yangu," mjomba alijibu. "Wewe, sogea na ufagio wako, unamziba dada yako."

Dada, ambaye hata wanja wa nyusi huchorwa saluni, alitabasamu.

Mikia ilianza kurefuka wakati wa mvua. Ilishuka kwenye kadi, ikavuka kaunta, ikamzunguka mjomba kifundo cha mkono. Aliikata kwa mkasi.

"Wino wa siku hizi," alisema.

"Kwangu ilifika mpaka sebuleni," mteja mmoja akamwambia. "Nimeifagia, yameisha."

Siku zilipochapwa kadi za harusi ya dada, mkia mmoja ulimpanda mjomba shingoni, ukajifunga juu ya kola vizuri kabisa. Watu waliisifu tai. Mkasi haukupata pa kupita.

"Hebu nifungulie, mama," alimwita msichana. Sauti yake ilikuwa imekonda. "Wewe una vidole vidogo."

Msichana alisimama nyuma ya kiti. Aliutambua mkia wa y yake. Alipougusa ulilegea kidogo, kisha ukatulia, kama unaosubiri kuambiwa.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja aliingia, akakung'uta mwavuli, akatazama kadi ukutani.

"Mwandiko huu mzuri ni wa nani?"

Msichana alishika fundo, akasubiri jibu pamoja na yule mama.

"Wa binti yangu," alisema mjomba. "Huyu ni mpwa wangu tu, ananisaidia kufagia."

Mama akaagiza kadi kama za wenzake, jina la dada chini kwenye kona.

Kulikuwa na neno ambalo msichana alikuwa amelimeza tangu siku vile vipande vilipotoweka mezani. Aliinama karibu na sikio la mjomba, lakini hakusema naye.

"Kaza," aliuambia mkia.