Siku ya Saba Haina Jioni

Ugomvi wa Eulalia Tzul na mumewe Gaspar ulidumu miaka thelathini na mmoja, na ulikuwa mtamu kuliko mapenzi ya watu wengi ninaowajua. Waligombania siku za uumbaji. Gaspar alikaa barazani akifuma nguo kwenye kitanda chake cha kufumia, miguu ikikanyaga, mikono ikirusha uzi. Eulalia alikaa mlangoni mwa jiko akichambua maharage. Kutoka hapo walitupiana sura ya kwanza ya Mwanzo kutwa nzima.

"Siku ni siku, nan," Gaspar alisema, kwa neno la heshima tunalowapa akina mama hata tunapowachokoza, kama wao wanavyotuita tat. "Inaanza, inakwisha, watu wanalala."

"Siku gani hiyo, tat, na jua lenyewe limeumbwa siku ya nne? Zile tatu za mwanzo alizipima na nini? Na hiyo saa yako mbovu?"

Ugomvi huo ni wa kwetu hasa. Kwa lugha yetu ya asili, iliyokuwapo huku milimani kabla ya Kihispania, siku na jua ni neno moja tu: q'ij. Anayesoma Kihispania anaona siku ya kwanza, siku ya pili, anapita zake. Sisi tunasoma jua la kwanza, jua la pili, jua la tatu, halafu tunafika jua la nne ndipo Mungu anaumba jua. Mtu mwenye akili zake lazima asimame hapo ajikune kichwa. Gaspar hakujikuna. Alisema Mungu hajawahi kukosea hesabu, akaendelea kufuma.

Ila Jumanne moja ya mwezi wa nane Eulalia alimpata.

"Hebu sikia. Siku sita zote zimeandikwa ikawa jioni, ikawa asubuhi. Ya saba haikuandikwa jioni. Haya, hiyo ina saa ngapi? Iliisha lini?"

Miguu ya Gaspar ikasimama. Haikuwa imewahi kusimama kwa sababu ya hoja. Aliomba Kitabu, akasoma kwa kidole, akarudia, akacheka peke yake.

"Mwanamke huyu!" alisema. "Ngoja kwanza. Nitakujibu asubuhi."

Akala tamali tatu za unga wa mahindi, akalala. Asubuhi hakuamka.

Baada ya mazishi watu walimshauri Eulalia auze kile kitanda cha kufumia, akakataa. Nguo ilibaki juu yake vilevile, imebaki shubiri nne tu kumalizika. Moyoni alikuwa na wazo ambalo hakumwambia mtu: maadamu lile swali halijajibiwa, Gaspar bado yuko mahali anafikiri. Alijua ni upuuzi. Aliushika upuuzi huo kwa mikono miwili.

Kwa miaka ishirini na miwili Eulalia ndiye aliyefundisha darasa la Biblia la akina mama kila Jumapili. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, darasa lilifika tena Mwanzo. Alikuwa amekaa miezi kumi na moja bila kugombana na mtu, na mdomo ulimwasha. Akalitupa swali la jua mbele yao, akitumaini kwamba hata mmoja atashika upande wa Gaspar na kumpigia kelele.

"Ala! Nan Laya!" Micaela, jirani yake, alidakia, akimwita kwa jina lake la mkato. "Jua linaumbwa jua la nne? Sasa yale matatu ya mwanzo Mungu aliazima kwa nani?"

Wanawake walicheka mpaka wakafutana machozi. Siku ile Eulalia alirudi nyumbani akiimba.

Jumatano kicheko kilikuwa kimemfikia Mchungaji Selvin. Kijana huyu alisomea uchungaji mji mkuu, na tangu arudi alihubiri kwa Kihispania hata mbele ya bibi yake asiyejua neno. Alikuja barazani, akakaribishwa kiti, akakikataa.

"Siku za uumbaji zilikuwa za saa ishirini na nne, nan. Basi."

"Sema kwa lugha yetu, mchungaji."

"Lugha ina nini?"

"We sema tu, baba."

Alianza vizuri. Alipofika kwenye q'ij alikwama, masikio yakamwiva, akaona anachezewa.

"Najua haya yametoka wapi," alisema. "Baba yako alikuwa mhesabu siku wa kalenda ya wahenga. Alikuwa akichoma ubani kule mlimani, kila siku anaiita kwa jina lake kama mtu. Ndiyo unayowafundisha akina mama?"

Baba yake Eulalia alikuwa amekaa kaburini miaka arobaini. Alichotaka yeye ni mtu wa kubishana naye, na huyu hakuja kubishana, alikuja kufunga mlango. Mchungaji alimpa sharti lake akiwa amesimama vilevile: darasa amenyang'anywa mpaka asimame mbele ya kanisa na kutamka kwamba zile siku zilikuwa za saa ishirini na nne.

Ibada ya akina mama ya Alhamisi, iliyokuwa ikifanyika jikoni kwake, ikahamia kwa Micaela. Kwenye birika la kijiji la kufulia nguo, Micaela huyohuyo akimwona Eulalia anakuja alianza kukamua nguo zikiwa bado na povu.

"Umeamkaje, mwanangu?" Eulalia alimsalimu.

"Salama, nan," alijibu, tayari ana beseni kichwani.

Wiki tano zilipita hivyo. Eulalia alipika uji wa mahindi wa watu wanane, akaumwaga. Jumamosi moja akakumbuka kwamba mara ya mwisho kusema na kiumbe ilikuwa Jumanne, alipomfukuza jogoo wa jirani. Alikaa chini akalia, maana hata huyo jogoo alitamani arudi.

Kesho yake alivaa shali ya kanisani, akaenda akasimama mbele. Alijaribu kwanza kwa lugha yetu. Haikutamkika. Jua litakuwaje la saa ishirini na nne, na nusu yake ni giza? Akasema kwa Kihispania, lugha ambayo huizungumza kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine.

"Siku za uumbaji zilikuwa za saa ishirini na nne."

"Zote saba?" Selvin aliuliza, bila ubaya wowote. Hakujua anauliza nini.

Eulalia alitazama mabenchi. Micaela alikuwa anamtikisia kichwa, macho yamelowa, kama anayemsukuma mtoto atembee.

"Zote saba," alisema.

Kanisa zima likapiga makofi. Micaela alimkumbatia mpaka shali ikaanguka.

"Alhamisi tunarudi kwako, nan Laya! Wamechoka na uji wangu, wanasema ni maji ya kuoshea vyombo!"

Eulalia alicheka. Alifurahi kweli, wala usidhani aliigiza. Alitembea njia nzima ameshikwa mkono.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado linaangaza nyuzi za kitanda cha kufumia. Kwa mazoea alisimama pale barazani ili ampe mumewe habari.

"Haya, tat," alisema. "Umeshinda. Siku ni siku."

Akangoja. Gaspar alikuwa amelisubiri neno hilo miaka thelathini na mmoja. Angelisikia, angeruka, angecheza barazani, angeita majirani waje washuhudie, na angemtania mpaka Krismasi. Nguo ilikaa kimya, na zile shubiri nne zake. Ndipo Eulalia akaelewa alichokitoa kule mbele. Alikuwa ameimaliza hata siku ya saba; hakukuwa tena na swali. Gaspar hakuwa tena na kitu cha kufikiri, wala cha kurudi kuja kumwambia.

Alichukua bakuli la maharage akakaa mlangoni mwa jiko, akatazama jua likiondoka kwenye nyuzi, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka ule wa mwisho.

Ikawa jioni.