Futi Kumi na Nne, Kihesa

Udongo ulimfika Joachim kifuani kabla hajamaliza kuniita jina. Nilikuwa ukingoni mwa kisima, nikautazama upande mzima wa ukuta ukimporomokea, mwekundu, bila kishindo.

Ilikuwa mwaka 1956. Wanafunzi sita wa chuo cha ualimu, Joachim akiwemo, tulikuwa tunawachimbia maji akina mama wa umoja wa kanisa, pale Kihesa, na mimi Filemoni, kijana wa Tukuyu, ndiye niliyepewa uongozi. Mwenyekiti wao, Mama Matilda, alikuwa ameniambia mara mbili tusipite futi kumi bila kuegemeza kuta kwa miti. Nilimjibu kwa adabu kwamba tumesomea. Ukweli ni kwamba afisa elimu alikuwa anakuja Jumamosi, nami nilitaka ayakute maji. Ijumaa ile tulikuwa tumefika futi kumi na nne.

Nikanyakua jembe. Mama Matilda akanishika kiwiko.

“Utamkata,” alisema. “Shuka na sufuria.”

Aliwaondoa wenzangu ukingoni, akaagiza mabenchi ya kanisa yalazwe pale ili akina mama wapate pa kukanyaga. Kamba alinifunga yeye mwenyewe kiunoni.

Chini kulinuka mizizi mibichi. Midomo ya Joachim ilikuwa imegeuka kijivu. Nilichota udongo, akina mama wakaivuta sufuria juu kwa kamba nyingine, nikachota tena. Kila bonge lililonidondokea mgongoni lilinigandisha, nikiungoja ukuta uliobaki. Huko juu Mama Matilda alimwuliza Joachim jina la mama yake, la dada zake, la ng'ombe wao, na kila aliponyamaza alimwuliza upya.

Udongo ulipomshuka hadi tumboni, Joachim alinitazama.

“Alikuambia,” alisema polepole. “Nilimsikia.”

Nilichota.

Tulimtoa jua likishuka, mguu wa kushoto umevunjika.

Kesho yake afisa alisimama mbele ya shimo lililofukika nusu, akauliza kiongozi ni nani. Nikasema ni mimi, na kwamba nilionywa nikakaidi. Aliandika daftarini kwa muda mrefu. Nilikuwa nangoja kufukuzwa chuo Mama Matilda aliposogea mbele.

“Jumatatu tunaanza tena, bwana,” alimwambia. “Huyu atakata miti.”

Nilikata miti wiki tatu, na maji yakapatikana. Joachim alifundisha miaka thelathini huku akichechemea, tukala pamoja sikukuu nyingi, na jambo lile hakuligusa tena. Mara kadhaa nilitamani aliguse.