Mtambaa wa Mama Mkasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi, naye hakulikataa jina hilo, kwa kuwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ulining'inia shingoni mwake kwa utepe mweusi tangu alfajiri hadi alipopanda kitandani. Alikuwa fundi wa kushona, na sifa yake ilikuwa moja: nguo iliyotoka mikononi mwake haikubakiwa na uzi nje. Aliigeuza sare ya mtoto wa shule ndani nje, akaipitia mshono kwa mshono, na kila ncha aliyoiona ikichungulia aliipiga mkasi. Mgeni aliyefika na kola iliyokunjamana alinyooshewa kola kabla salamu hazijaisha.

Wageni wenyewe, hata hivyo, walikuwa wa kuhesabika. Tangu binti yake wa pekee aondoke, yapata miaka minne, nyumba ile ya vyumba viwili ilijua sauti mbili tu, ya cherehani na ya redio. Mezani palikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa kimepauka kwa kukaliwa. Juu ya cha pili aliweka vitambaa vya wateja mchana, na ikifika jioni aliviondoa, asije mtu akakosa pa kukaa. Hakuna aliyekuja, lakini aliviondoa.

Binti huyo alifanya kazi ng'ambo ya mpaka, katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, akikunja mashuka kutwa nzima. Utotoni alikuwa mtu wa vipepeo. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kisicho na mwenyewe, na juu ya vichaka vyake ulitanda mtambaa wa porini, mmea wa asili ya pale pale usiopandwa na mtu, wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati. Vipepeo walikuwa hawabanduki hapo, na mtoto naye habanduki. Miaka ikapita, kiwanja kikafyekwa ili yaegeshwe magari, na kabla juma halijaisha vipepeo wote wakatoweka. Binti, aliyekwisha kuwa mwanamke mzima, alichomoa shina moja chini ya miguu ya wafyekaji, akalipanda katika debe la rangi lililotobolewa kitako, chini ya ukuta wa uani. Akalizungushia vimaua alivyoviokota kando ya njia.

"Nitawarudisha wageni wangu," alisema.

Haikupita miezi miwili akaitwa kazini. Siku ya safari, mama na mwana walisimama kituo cha mabasi. Mama akaona uzi unaning'inia kwenye pindo la gauni la mwanawe. Akainama, akaukata. Akanyanyuka, akamweka sawa kola. Kisha akamwambia asimame vizuri, asizungumze kwa kumung'unya, asije akawacheka watu wakubwa kama alivyozoea.

"Mama, hata leo?" binti aliuliza, na macho yake yakalengwalengwa na machozi.

Alipokwisha kupanda basi, alitoa kichwa dirishani. "Mtambaa wangu ukichanua, nipigie simu. Siku hiyo hiyo naomba likizo, nakuja!"

Maneno hayo ndiyo Mama Mkasi aliyoishi nayo. Binti alipiga simu mara moja kwa mwezi, wakajuliana hali, mama akasahihisha hili na lile, na simu ikakatika mapema. Kumwambia "njoo" hakuweza. Neno hilo lilimkaba kooni kama kipande cha muhogo mkavu. Basi tegemeo lake lote akaliweka kwenye debe lile. Maua yakitoka, hatakuwa ameomba. Atakuwa ametoa habari tu.

Hakuna mmea uliowahi kutunzwa namna ile. Aliumwagilia asubuhi kwa kopo, akaufungia kamba ukutani, akaupa samadi. Na kila Jumamosi, akishamaliza kazi za wateja, alitoka uani na kigoda chake akauweka katika hali ya usafi. Mmea wenyewe ulikuwa hauna adabu: kila juma ulitoa vijincha laini vya kijani vilivyojipinda hewani, kimoja huku, kingine kule. Mama Mkasi alivipitia kimoja kimoja. Tsi, tsi, tsi. Alipomaliza, mtambaa ulikaa ukutani umenyooka kama zulia.

Mwaka wa kwanza haukuchanua. Akasema ni mchanga. Mwaka wa pili haukuchanua. Akabadilisha udongo. Mwaka wa tatu ulipomalizika bila ua hata la dawa, alianza kuamini kwamba shina lile limemnunia, kama aliyelipanda.

Mwaka wa nne alikuja kupaka rangi madirisha jirani yake, fundi rangi mrefu kama mnazi, ambaye watu walimwita Ngazi. Ndiye aliyempa binti debe lile la rangi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na ilikuwa Jumamosi.

"Mama Mkasi, hujambo? Naona leo unaunyoa ukuta."

"Sijambo, Ngazi. Fanya kazi yako."

"Naifanya. Mdomo haushiki brashi." Akapaka kidogo, akageuka tena. "Na yule mwanetu, anakuja lini?"

Mama Mkasi alishusha mkasi. Halafu, kwa sababu ulikuwa mwezi mzima hajaulizwa swali lisilokuwa la bei wala kipimo, akamweleza habari ya ahadi.

"Alaa! Kumbe rahisi," alisema Ngazi. "Mpigie, mwambie umechanua. Akifika akakuta hakuna, sema upepo umepukutisha. Mimi nitakuwa shahidi wako, nitaapa mpaka jasho linitoke."

"Nimdanganye mwanangu?"

"Si kumdanganya. Ni kumtangulizia."

Mama Mkasi alicheka, jambo lililomshangaza mwenyewe, lakini alitikisa kichwa. Akanyoosha mkono, akashika ncha nyingine. Tsi!

Ngazi akashuka kutoka kwenye ngazi yake. Aliziokota ncha zilizoanguka, akaziweka kiganjani, akazisogeza karibu na macho.

"Mama Mkasi," alisema, na safari hii hapakuwa na utani. "Hivi huwa unakata nini hapa?"

"Nyuzi zilizozidi."

"Kila juma?"

"Kila juma. Miaka yote. Sitaki achekwe, hata kama ni mmea."

"Hebu tazama." Kwa ukucha wenye rangi nyeupe akapasua kijifundo kidogo kilichokuwa kwenye kwapa la jani, karibu na ncha. Ndani yake mlikuwa na ukingo mwembamba wa rangi ya chungwa, umekunjwa kama leso. "Hili ni tumba. Mtambaa huu unachanulia kwenye matawi mapya, haya haya yanayokukera. Umelivuna ua kabla halijawa ua, dada yangu. Miaka minne."

Mama Mkasi alizipokea ncha zile. Alikaa juu ya kigoda na ncha zile mapajani mpaka Ngazi akamaliza dirisha, akakusanya makopo yake na kuaga kwa sauti ndogo. Alikuwa akiliona pindo la gauni kituoni. Aliwaza ni maneno mangapi ya mwanawe aliyoyakata yakiwa bado yanatoka.

Jioni ile aliuvua mkasi shingoni, akautundika msumarini karibu na cherehani. Ikawa sheria: mkasi usivuke mlango wa uani.

Kutimiza sheria hiyo kulimtoa jasho. Juma la kwanza ncha zilirefuka kiasi cha kidole, la tatu zikafikia mkono. Ziliparamia kamba ya kuanikia nguo, zikajisokota kwenye bomba la maji. Mama Mkasi alitazama pembeni alipopita, kama mtu anayepita karibu na mlevi wa ukoo. Kisha wakaja viwavi weusi wenye miiba, wakayatoboa majani. Alikwisha kushika chombo cha dawa ya wadudu alipokumbuka kitoto kilicholala kifudifudi kiwanjani, kikimwambia, "Mama usiwakanyage, hawa ndio wenyewe, bado hawajavaa tu." Alirudisha dawa kabatini. Wakala walichokula.

Na asubuhi moja ya Jumanne, alipotoka na kopo la maji, maua matatu yalimkodolea jicho jeusi kutoka ukutani. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Mnamo saa nne alitokea kipepeo mmoja, wa samawati na njano, akatua, akafunga mbawa, akafungua. Mama Mkasi alitazama huku na huku, akitafuta wa kumwonyesha. Uani palikuwa na ndoo na kigoda.

Alipiga simu na roho mkononi.

"Mama? Kuna nini? Si kawaida yako kupiga."

"Umechanua," alisema.

"Nini kimechanua?"

"Mtambaa wako. Leo. Yapo maua matatu."

Nyuma ya sauti ya binti mashine za kufulia zilinguruma. "Mtambaa gani, mama?"

Alikuwa amesahau. Miaka minne mama alikuwa ameshikilia kamba ambayo upande wa pili iliachwa tangu kituoni. Jibu lilimjia tayari, limepigwa pasi: uliahidi, na mtu mzima hutimiza anachokisema. Alifungua kinywa. Kisha akageuza uso, akatazama msumari na mkasi wake.

"Ule wa kwenye debe la rangi," alisema taratibu. "Nilikuwa naukata. Kila Jumamosi. Ndiyo maana haukuchanua. Kosa lilikuwa langu."

Mashine zilinguruma. "Ule wa kiwanjani?" sauti ikauliza, na ilikuwa imepungua umri. "Mama, na wadudu wamekuja?"

"Wamekula robo nzima. Nikawaacha."

"Wewe? Ukawaacha?" Binti akacheka, kicheko kikubwa kile kile kisicho na adabu, kisha kikakatika vibaya. Akaanza kusema. Alisema kuhusu mashuka, kwamba huko hakuna anayemwita kwa jina la nyumbani, kwamba wakati mwingine siku za mapumziko huenda ... halafu akaliacha hapo, akarukia jingine. Alimung'unya maneno, akaacha sentensi bila miguu. Mama Mkasi hakummalizia hata moja, wala hakumsahihisha. Walizungumza mpaka sikio likamuuma.

"Kuhusu likizo, mama, sijui. Tuko wachache. Sitaki kusema nitakuja halafu..."

"Usiahidi," alisema. Kisha, kwa shida, neno lile likapita kooni. "Lakini njoo. Hata kama hakuna ua."

"Nimesikia, mama."

Simu ilipokatika, nyumba ilikuwa kimya kama jana. Alishona mapindo mawili, akala, akaondoa vitambaa juu ya kiti cha pili. Jua lilipozama baridi ikaanza kuingia, akaenda kufunga dirisha la uani, akakuta ncha moja imekwisha kuingia ndani na kujizungusha kwenye kitasa, mara mbili. Dirisha halikuweza kufungwa bila kuikata.

Alisimama hapo kidogo. Kisha akaenda kutafuta sweta.