Chumvi ya Marlys na Chumvi ya Duane

Marlys Haugen alipokubali kuolewa mara ya pili, alikuwa amekwisha kustaafu upishi wa shule, na mume wake wa kwanza alikuwa kaburini muda mrefu. Mchumba wake, Duane Kivela, naye alikuwa mgane, mzee mpole aliyeendesha magari ya kusukuma theluji mjini Duluth mpaka magoti yakakataa. Walikutana kanisani, lakini si kwenye ibada. Walikutana kwenye chumba cha chini, mahali ambapo chama cha wafugaji wa matumbawe, wale wanaoyakuza nyumbani ndani ya matangi ya kioo, hukutana kubadilishana vipande, kula viazi vya kuoka na kusifia vilivyo vyao. Ziwa la mji ule ni kubwa hata ng'ambo haionekani, lakini maji yake ni baridi ya ajabu na hayana chumvi hata ya kulamba. Anayetaka bahari pale hana budi kuikoroga mwenyewe ndani ya ndoo.

Walikubaliana Duane ahamie kwa Marlys, kwa kuwa tangi la Marlys ndilo kubwa. Lilikuwa limejaa ukuta mzima wa sebule, na matumbawe ya zambarau ndani yake yalisifiwa na chama kizima. Duane angekuja na viumbe vyake, na wa kwanza kwa heshima alikuwa anemoni: kiumbe laini kama ua, chenye minyiriri mingi inayocheza majini, na ndani ya minyiriri hiyo wanaishi samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Anemoni huyo alinunuliwa na Irja, marehemu mke wa Duane.

Kabla ya kumhamisha anemoni, Duane alileta zawadi ya uchumba: tumbawe la kijani alilolikuza mwenyewe tangu likiwa kipande cha ukubwa wa kidole. Marlys akaliweka mahali pazuri chini ya taa. Kesho yake lilikuwa limejikunja. Siku iliyofuata likaanza kutoa utelezi, na kabla ya Jumapili lilibaki jiwe jeupe.

Marlys alisikitika, kisha akasema kwa upole kwamba huenda lilitoka kwao likiwa tayari linaumwa. Duane akasema, kwa upole vilevile, kwamba kwao halikuwahi kuumwa hata siku moja. Wakaulizana kiwango cha chumvi. Kila mmoja akajibu thelathini na tano, yaani gramu thelathini na tano katika kila kilo ya maji, kama ilivyo baharini. Basi, kwa kuwa chumvi ilikuwa sawa, kila mmoja akatafuta kosa pengine, na kama mjuavyo, kila mwamba ngozi huvutia kwake. Ikasemwa habari ya taa, ya chakula, ya pampu. Mwisho Duane akatamka kwamba anemoni abaki kwanza kule aliko.

Marlys akaweka kikombe chake mezani. "Sema tu, Duane. Unaogopa kumleta Irja nyumbani kwangu."

"Nani kamtaja Irja?"

"Mimi nimemtaja, kwa sababu wewe hutaki kumtaja. Mwenzangu, mimi sishindani na marehemu. Lakini kama moyo wako haujahama, usiyabebeshe maji yangu lawama."

Duane akainuka. Alivaa koti lake, akaaga na kuondoka, na kwa muda wote uliofuata simu ya Marlys ililia mara moja tu, nayo ilikuwa ya dada yake akiuliza rangi ya keki.

Chama kilipokutana tena, Marlys alikaa upande wa jikoni, Duane upande wa ngazi. Mwenyekiti wao, Pa Houa Vang, mwenye duka la samaki, alikuwa amewaagiza wote waje na vipimo vyao. Alifungua chupa ya maji maalumu yaliyotengenezwa yawe thelathini na tano kamili, akasema kila mtu apime maji hayohayo, yakiwa yamekwisha kushika joto la chumba.

Marlys alitoa kidarubini chake, kile cha kudondoshea tone la maji kwenye kioo kisha kutazama mstari kuelekea mwangaza. Akatazama, akakifuta, akatazama tena. Kilisema thelathini na nane. Duane akajaza kipimo chake cha plastiki chenye mshale unaoelea. Mshale ukapanda kidogo, ukachoka, ukasimama kwenye thelathini na moja.

Pa Houa alitazama vyote viwili akauma mdomo asicheke. "Mama Marlys, kwa hiyo maji yako nyumbani ni thelathini na mbili hivi. Mzee Duane, yako ni kama thelathini na tisa. Lile tumbawe mlilitoa kwenye achari mkalitia kwenye supu ya mgonjwa."

Chumba kizima kilicheka, na aliyecheka zaidi, baada ya kukasirika kidogo, alikuwa Marlys. Yeye siku zote alikuwa akikirekebisha kidarubini kwa maji safi yasiyo na chumvi. Kikisoma sifuri, anaridhika. Pa Houa alimweleza kwamba kipimo kinaweza kusema kweli kwenye sifuri kikadanganya huko juu, na ndiyo maana hurekebishwa kwa maji yanayokaribiana na yale yanayopimwa. Viumbe vyao vilizoea makosa ya wenyewe kidogo kidogo, kwa miaka. Kilicholiua tumbawe ni kuruka kwa ghafla.

Kipimo cha Duane kilikuwa na ugonjwa mwingine. Mshale wake ulikuwa umegandwa na ukoko mweupe wa chumvi, umekuwa mzito, hauwezi kupanda. Marlys alikigeuza mkononi.

"Hiki ulikiosha lini?" aliuliza.

Duane akautazama ule ukoko. "Irja ndiye alikuwa anakiosha. Kwa siki. Mimi sikujua kama kinaoshwa."

Marlys akainuka, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya siki na bakuli. Alikaa karibu naye. Wakakiloweka pamoja, na Duane ndiye aliyesugua, taratibu, kwa mswaki wa mtoto uliopatikana kwenye kabati la kanisa.

Harusi iliahirishwa. Dada yake Marlys alipouliza sababu, aliambiwa chumvi haijafika, akadhani ni tusi. Ukweli ni kwamba tangi moja lilipaswa kupandishwa na jingine kushushwa, polepole. Marlys akawa anafidia maji yaliyokauka kwa maji ya chumvi badala ya maji matupu. Duane akawa anachota kidogo na kurudishia maji safi. Jioni walipigiana simu kusomeana vipimo vyao, vikiwa vimerekebishwa kwa maji ya chupa moja, na mazungumzo yaliyoanza na chumvi yaliishia kwenye mambo mengine kabisa. Ndimo alimotajwa Irja mara nyingi, na Marlys akagundua kwamba angempenda mwanamke yule.

Theluji ilipoyeyuka, matangi yakasoma sawa. Duane alimleta anemoni ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa blanketi, akimwendesha kama mgonjwa wa mifupa. Anemoni alijikunja mchana mzima, nao wakangoja wakinywa kahawa nyingi. Baadaye alijikunjua, akapanuka, na wale samaki wawili wakajitumbukiza ndani yake kama watoto kitandani.

Wiki ya harusi anemoni akaanza kutembea, kama jamii yake ifanyavyo. Alipita jiwe hili na lile, akaenda kukaa palepale pembeni ya matumbawe ya zambarau, akinyoosha minyiriri yake yenye sumu kuyaelekea.

"Nimwondoe?" Duane aliuliza, akikunja mikono ya shati.

"Mwache," Marlys alisema. "Amechagua." Akazamisha mkono wake mpaka begani, akayahamisha matumbawe yake ya zambarau upande wa pili.