Rekodi ya Sita

Siku mumewe alipofariki, Fundi, mtengeneza meno ya bandia, alikuwa anampangia kwenye nta meno ya juu bibi mmoja mstaafu wa posta. Simu ililia. Akaambiwa mumewe ameanguka kazini, moyo umesimama, madaktari wamejitahidi wakashindwa. Akasema "sawa", akaweka simu chini, akarudi kwenye nta yake akapanga meno manne yaliyobaki. Mwenzake wa karakana alipomuuliza kulikoni, alimjibu vile vile alivyoambiwa, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo. Yule bwana ndiye aliyekaa chini akajishika kichwa.

Watu walimsifu. Walisema amejikaza kweli kweli. Wengine, pembeni, walisema ana moyo wa jiwe. Yeye hakuona cha kusifiwa wala cha kusemwa. Hakuwa amejikaza popote. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, anayejigusa shavu akijua ni lake, ila shavu halina habari naye. Alijua ganzi huisha. Aliwaambia hivyo wateja kila siku. Basi akangoja.

Alingoja miezi mitatu, na mwezi wa nne baba mkwe wake akapata kiharusi.

Baba mkwe huyo watu wote walimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha muziki na kuongoza kwaya kwa miaka thelathini na ushee, mwembamba, mkali, mwenye masikio ya paka. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "basi". Akitaka chai alisema basi. Akitaka dirisha lifungwe, basi. Aliposhukuru, alipokasirika, alipoita, ilikuwa basi tu.

Binti yake, yaani wifi yake Fundi, alikuwa na watoto wanne katika nyumba ya vyumba vitatu. "Nipe muda nijipange, wifi," alisema. "Mkubwa akienda chuo nitapata chumba." Fundi akamchukua mzee. Hakumchukua kwa huruma, kwa sababu huruma nayo ilikuwa imelala pamoja na mengine. Alimchukua kwa kuwa chumba kilikuwepo, na hakuona sababu ya kukataa.

Mzee alikuja na kiti chake, nguo zake, na santuri mia mbili na kumi na moja pamoja na mashine ya kuzipigia.

Mtaalamu wa usemi wa hospitali, dada mmoja mchangamfu mwenye miwani minene, ndiye aliyesisitiza. "Mpigie muziki alioupenda," alisema. "Ubongo una milango mingi. Ukikuta mmoja umefungwa, unagonga wa pili." Fundi akaandika kwenye karatasi, kama anavyoandika rangi ya meno ya mteja: muziki, kila siku, muda wa saa moja.

Muziki wenyewe alikuwa haujui. Kwao waliimba nyimbo za redioni wakifua. Kwa mumewe ndiyo kabisa, kwa sababu marehemu alilazimishwa kupiga fidla tangu ana miaka sita, na alipofika kumi na nne akaiweka chini akasema haishiki tena, na hakuishika. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yao hapakuwahi kupigwa fidla ndani ya nyumba ile.

Siku ya kwanza alipotoka karakana alivua aproni, akachomoa santuri ya mwisho kushoto kwenye rafu, akaiweka kwenye mashine, akashusha mkono wa sindano. Kwaya ikalia kama vifaranga vya kuku vilivyomwagiwa maji. Mwalimu akainua mkono wake mzima. "Basi," alisema. "Basi, basi, basi." Fundi akaizima, akaigeuza, akaiwasha tena. Vifaranga vile vile. Ilimchukua robo saa kugundua kuwa mashine ina kitufe cha kasi. Alipokibonyeza, vifaranga vikageuka watu wazima, wanaume kwa wanawake, wengi sana, wakiimba kwa lugha asiyoijua. Mwalimu akafumba macho. "Basi," akasema, taratibu. Hapo ndipo Fundi alipojua kuwa kuna basi zaidi ya moja.

Wakaenda hivyo, kutoka kushoto kwenda kulia, mbili kwa siku. Jirani, mama mmoja aliyefanya kazi ya kufuma nyumbani kwake, alikaa na mzee asubuhi. Mchana Fundi alirudi, akalisha tumbo lake na la mzee, kisha wakakaa. Yeye alileta kazi zake ndogo, meno ya kusugua na plasta ya kukwangua, akafanya kazi mezani huku muziki ukienda. Kuna zile za okestra nzima, zilizoanza kwa kishindo mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Kuna za kwaya. Na kuna za watu wachache, watatu, wanne, watano, zilizosikika kama maongezi ya chumba cha pili, ambayo husikii maneno yake lakini unajua nani kanuna.

Kilichomshika zaidi mwanzoni hakikuwa muziki. Kilikuwa maandishi. Kwenye kila jalada, pembeni, Mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli maoni yake, herufi ndogo zilizosimama wima kama wanafunzi mstarini. Fundi alizoea kuyasoma kwa sauti kabla ya kupiga.

"'Fidla za pili zimelala. Kuna mtu awaamshe,'" alisoma.

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

"'Wanaimba kama watu waliokula wakashiba. Nawataka wenye njaa.'"

"Basi," alisema Mwalimu kwa ukali, akishikilia msimamo wake wa miaka ishirini nyuma.

Santuri ya hamsini na kitu ilikuwa ya fidla na piano. Chini ya penseli ya Mwalimu, iliyosema "Mfano mzuri wa kumfundishia mtoto", kulikuwa na wino wa buluu, mwandiko wa kitoto, mistari imepanda mlima: "Mtoto amechoka na hii. Mtoto anaumwa tumbo."

Fundi aliutambua mwandiko kwa ile herufi ya t isiyo na kofia. Mumewe aliandika hivyo mpaka mwisho, hata kwenye hundi. Akausoma kwa sauti, kama alivyosoma mengine.

Mwalimu akatoa sauti ambayo Fundi hajawahi kuisikia. Alidhani amepaliwa, akamkimbilia, akamwinamisha mbele ampige mgongo. Kumbe mzee anacheka. Alicheka mabega yakiruka, upande mmoja tu wa mdomo, mate yakimtiririka, kisha kicheko kikapinda njiani kikawa kilio, na hapakuwa na mpaka wa kuonyesha kimoja kimeishia wapi. Fundi alimfuta mdomo kwa kitambaa. Alimfuta na machozi, kwa kitambaa hicho hicho. Akajiangalia ndani, kama mtu anayefungua friji anayojua ni tupu. Hakukuta kitu. Akaipiga santuri, akaendelea kusugua meno.

Wifi yake alikuja kila Jumamosi, na alipokuja nyumba ilijaa, maana alikuwa mwanamke wa kuongea tangu mlangoni. Alimpa baba yake habari za mtaa mzima, nani kagombana na nani, nani kanunua sofa halipiti mlangoni ikabidi lirudishwe. Jumamosi moja alikuta misa ya wafu imeshaanza, okestra na kwaya, akaendelea kupiga domo juu yake kama redio mbili zilizowashwa kwa mpigo. Katikati ya habari ya sofa akanyamaza.

Mwalimu alikuwa anaimba.

Hakufuatisha tu kwa kuguna. Aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, kwa maneno ya Kilatini, neno baada ya neno, yamekamilika, yana mwanzo na mwisho. Mdomo uliokuwa hauwezi kuomba maji ulikuwa unamwomba Mungu awape wafu pumziko. Akafika mwisho wa sehemu ile, akahesabu kimya kwa kidole, akaingia tena pale pale panapotakiwa.

Wifi akaanguka magotini mbele ya kiti, akalaza kichwa mapajani mwa baba yake, akalia kama hajawahi kulia. Mkono mzima wa mzee ukamshika kisogo. Muziki ulipoisha alimwambia binti yake, "Basi."

Jikoni, wakati wa kuosha vikombe, Wifi alimtazama Fundi.

"Hujalia, wifi."

"Hapana."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile."

"Nikwambie ukweli, nilikuchukia kidogo. Kaka yangu anashuka kaburini na wewe unaangalia saa."

"Nilikuwa naangalia kama saa inatembea," alisema Fundi. Ulikuwa ukweli, na hakujua namna nyingine ya kuueleza. Wifi alimtazama, akachukua kikombe mikononi mwa Fundi, akakisuuza mara ya pili ingawa kilikuwa safi.

Baada ya mia na thelathini wakafika kwenye santuri saba zilizosimama pamoja, na Fundi akadhani zimekosewa. Zote zilikuwa za muziki ule ule, wa fidla mbili, fidla nene na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito. Watu tofauti, miaka tofauti, kipande kile kile.

"Baba, wimbo mmoja mara saba wa nini?"

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye meno yaliyokuwa mezani. Kulikuwa na seti tatu za wateja watatu, rangi moja, saizi moja. Fundi akazitazama. Ya kwanza alikuwa ameipanga yeye, zile mbili mwenzake, na mtu yeyote wa kazi ile angeona tofauti kutoka mlangoni. "Haya," alisema.

Wakasikiliza moja kwa siku, wiki nzima. Ya tatu ilikuwa kipenzi cha Mwalimu. Penseli ilisema tu "Ndiyo hii", na ilikimbia, safi, kila mtu akijua anakokwenda. Ya sita penseli iliihukumu: "Polepole mno. Kama watu wanaotafuta funguo gizani."

Na kweli ilikuwa polepole. Sehemu ya pili ilianza kwa selo peke yake, na wenzake walipoingia waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akisita, kana kwamba hawana hakika kama wamealikwa. Fundi alikuwa ameshika msasa. Ilipoisha aligundua kuwa hajasugua chochote. Jino lilikuwa mkononi kama lilivyokuwa mwanzo.

Akasimama, akairudisha sindano mwanzo wa sehemu ile.

"Basi," alisema Mwalimu, ile ya kukataa.

"Nataka kuisikia tena, Baba."

"Basi."

"Hapana. Ya tatu ni yako. Hii mimi ndiyo niliyoipenda."

Hakuwahi kumpinga baba mkwe katika miaka yote ile. Mzee alimkazia macho, kisha akageuza uso ukutani kama mtoto aliyenyimwa. Walisikiliza hivyo, yeye amesimama kando ya mashine, mzee ameuangalia ukuta. Fundi hakulia. Hakusikia huzuni wala furaha. Alichokuwa nacho ni kutaka, kutaka kitu kidogo, sehemu ya pili isiishe haraka, na hata hicho kilikuwa kigeni kwake.

Wiki tatu baadaye jirani alitoka dakika kumi kwenda kupokea nyuzi zake. Mwalimu akajaribu kusimama afikie rafu mwenyewe. Fundi aliporudi alimkuta sakafuni, jirani amechutama kando yake, na nyonga ya mzee imevimba. Haikuvunjika. Lakini wakati huo mtoto mkubwa wa Wifi alikuwa ameshakwenda chuo, chumba kilikuwa wazi, na kwa Wifi kulikuwa na watu kutwa nzima.

"Sisemi kwa ubaya," alisema Wifi kwenye simu. "Umefanya zaidi ya sisi sote."

"Najua. Mchukue. Hapa hayuko salama."

"Utabaki na nani?"

"Nitabaki."

Fundi alipakia santuri mwenyewe, kwa mpangilio wa rafu, akabandika namba kwenye maboksi. Mzee alipoondoka, alirudi ndani akalala mchana wote, jambo ambalo si kawaida yake, na jioni akala mkate wote uliokuwepo.

Mwalimu yuko kwa binti yake mpaka leo. Mtaalamu wa usemi anamfundisha kuimba anachotaka, na amepata maneno tisa, likiwemo "chumvi" na jina la mjukuu wa mwisho. Fundi huenda kila Jumapili mchana. Rafu waliimaliza zamani, wakaanza upya, na sasa mwanafunzi wa zamani wa mzee huwaletea rekodi mpya ambazo hakuna kati yao aliyewahi kuzisikia. Huzibishania. Mzee hupenda za haraka, yeye za kusitasita. Watoto wa Wifi hupita wakiziba masikio.

Machozi hayajaja. Wifi aliacha kuuliza. Jumapili iliyopita alikaa nao kwa mara ya kwanza, bila kusema neno, kipande kizima, mikono mapajani. Kilipoisha akamgeukia Fundi.

"Hebu niambie, wewe huwa unasikia nini humo?"

Fundi akafikiri. Hakutaka kusema uongo.

"Kabla hawajaanza, wapigaji wanavuta pumzi pamoja. Wote wanne. Hiyo naisikia."

"Hiyo tu?"

"Kwa sasa, hiyo."

Wifi akamsogezea chai. Mwalimu tayari alikuwa ananyoosha kidole kwenye santuri inayofuata.