Kamati ya Boti ya Watu Wawili

Andwele alikuwa afisa mipango, na mtu wa namna hiyo hahamishi hata kuku bila kikao. Mkewe Luciana alilijua hilo tangu uchumba. Ndiyo maana siku alipomwambia anataka likizo kwenye ile boti ya Kasanga, yenye chumba, jiko na choo chake, inayoelea Ziwa Tanganyika chini ya milima, alimpa sharti moja.

"Baba Faith, mimi na wewe tu. Usimwambie mtu."

Nyumba yao ya mjini, mtaa wa Izia, haikuwahi kulala bila mgeni tangu waoane. Huyu kaja kutibiwa, yule kaja kusoma, mwingine alikuja kusalimia na sasa ana ndoo yake bafuni. Luciana hakuwa mchoyo. Ila hakukumbuka lini mara ya mwisho aliongea na mumewe bila mtu kuchangia hoja, na hilo lilimuuma. Binti yao Faith alishakwenda chuo, na bado mezani walikula kwa zamu.

Andwele aliapa kutunza siri, akaitunza vizuri mno. Alimwarifu shemeji yake Alois wa Mwimbi tu, kwa sababu huwezi kumpeleka mtoto wa watu majini wakati kwao hawana habari. Alois, kwa busara zake, akapanda mjini na unga wa ulezi na begi la nguo. Kisha Andwele akaomba sala fupi ya safari kwenye jumuiya yao ya kanisa. Sala ilikuwa fupi kweli. Matangazo ndiyo yaliyochukua jioni nzima.

Jumapili sebule ikajaa. Luciana alichemsha chai na kukaanga maandazi, maana likizo yake ilihitaji vitafunwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Faith!" alisema Epifania, mwenyekiti wa jumuiya. "Tumeona ulivyochoka, mama. Usihofu, hutakwenda peke yako."

"Milele, amina," Luciana alijibu. "Lakini boti ina kitanda kimoja."

"Kamati ya malazi inalifanyia kazi," alisema Andwele, akiangalia kikombe chake. Alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa safari kwa kauli moja, na moyo wake dhaifu ukafurahi.

Wakajadili sare. Kitenge cha bluu au cha kijani? Wakagawanyika, wakapatana, wakagawanyika tena. Alois akashauri wabebe na jembe, kwa dharura. Hakuna aliyeuliza nani anajua kuogelea. Wahenga walisema wengi wape, lakini Luciana alijiuliza kama wahenga hao waliwahi kuona choo cha boti.

Asubuhi ya safari Kosta ilipiga honi getini. Wote walitoka wamevaa kijani. Hata yule wa ndoo alitoka na ndoo yake.

"Mimi nabaki kulinda nyumba," alisema Luciana.

Walimsifu sana kwa moyo wa kujitoa. Epifania alimkumbatia. Hakuna aliyemsihi mara ya pili, kwani nafasi moja ilikuwa imepatikana. Andwele, mwenyekiti, akapandishwa kiti cha mbele, akamtazama mkewe kupitia dirishani mpaka gari lilipokata kona.

Luciana aliingia ndani. Viti vyote vilikuwa vitupu, na kimya alichokitamani miaka yote kilikuwa pale, chake peke yake. Akalia kwa hasira. Alitaka kimya cha watu wawili. Alipochoka kulia alisonga ugali. Hakuwahi kupima ugali wa mtu mmoja maishani mwake, ukatoka mkubwa, akauangalia kwa chuki.

Geti likagongwa. Akajua ni mgeni, nani mwingine? Akafungua. Andwele alisimama pale na kitenge chake cha kijani, vumbi mpaka kwenye nyusi, bodaboda ya kutoka Majengo ikigeuza nyuma yake.

"Nimejiuzulu," alisema.

"Nani anakaimu?"

"Alois."

"Kikao kimeridhia?"

Simu ililia mfukoni mwa Andwele; akaizima bila kuitazama.

"Sikuwauliza," alisema.

Luciana alimtazama mume wake wa miaka yote hiyo. Kisha akasogea kumpisha apite.

"Ingia unawe," alisema. "Ugali unapoa."